Sili wa Maziwa ya Barafu na Fisi Maji wa Nyanza



Mtu asimamaye juu ya majabali ya Mwanza na kuitazama Nyanza huona maji yasiyo na ukomo. Eneo la ziwa hili ni maili za mraba 26,600 hivi, wala hapana ziwa jingine katika Afrika lililo kubwa kama hilo. Humo mna samaki wa namna nyingi, mna mamba na viboko, mna kenge na ndege wasiohesabika. Lakini mwanafunzi aliyesoma habari za nchi nyingine aweza kuuliza swali la haki: mbona yako maziwa ya mbali, tena madogo kuliko letu, ambayo ndani yake huishi mnyama wa asili ya bahari, anyonyeshaye mtoto wake, na katika ziwa letu kubwa hayumo?

Mnyama huyo huitwa sili. Leo twapenda kueleza ni mnyama gani, alifikaje katika maziwa yaliyo mbali na bahari, kwa nini hakufika kwetu, na ni nani afanyaye kazi kama yake katika Nyanza. Habari zake ni za nchi za baridi, lakini mvuvi wa Ukerewe, wa Sengerema au wa Magu atakayesikiliza mpaka mwisho ataona kwamba zamhusu yeye pia.

SILI NI MNYAMA GANI

Sili si samaki. Damu yake ni ya moto, hupumua hewa kwa mapafu kama ng'ombe na kama sisi, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Yeye ni katika ukoo mkubwa wa wanyama walao nyama, na jamaa zake wa mbali ni mbwa, dubu, nyegere na fisi maji. Yawezekana watu wa pwani wakadhani kwamba sili ndiye nguva. Sivyo. Nguva hula majani yaotayo chini ya bahari, na nasaba yake ni karibu na ile ya tembo na pimbi. Sili hula samaki na viumbe wengine wa majini, na meno yake ni ya kukamatia.

Mwili wake ni wa mviringo, mnene katikati na mwembamba kwenye ncha, mfano wa mtumbwi uliochongwa vizuri. Miguu yake minne imegeuka kuwa kama makasia: ya nyuma humsukuma, na ya mbele humwongoza. Majini huenda kwa wepesi wa ajabu, bali nchi kavu hujikokota kwa tumbo. Chini ya ngozi ana tabaka nene ya mafuta, na hayo mafuta ndiyo blanketi lake katika baridi, tena ndiyo akiba yake wakati wa njaa.

Namna za sili ni nyingi duniani. Huyu tumtajaye leo ni yule aitwaye sili wa pete, kwa sababu mgongo wake mweusi umepambwa kwa miviringo myeupe kama pete zilizotawanyika. Ni mmoja wa sili walio wadogo kuliko wote: urefu wake ni futi nne au tano, na uzito wake ni kama wa mtu mzima, ratli 110 mpaka 150. Makao yake hasa ni Bahari ya Aktiki, kaskazini kabisa ya dunia, ambako hesabu yake yapita milioni moja.

NYUMBA YA THELUJI

Sisi watu wa Ziwa twaijua barafu kwa sababu samaki hupakiwa ndani yake wasioze njiani. Basi, msikilizaji, jaribu kufikiri habari za bahari nzima iliyofunikwa kwa barafu ya namna ile, yenye unene wa futi tatu, nne, au hata sita, na juu yake theluji nyeupe kama ile ionekanayo juu ya Kilimanjaro. Barafu huelea juu ya maji, na chini yake samaki huendelea kuishi. Chakula cha sili kimo chini, bali hewa iko juu. Je, atapumuaje?

Jawabu limo katika makucha yake. Majira ya baridi yaanzapo, na barafu ingali nyembamba, sili hutoboa matundu kadhaa. Kila siku huyarudia na kuyakwangua kwa makucha ya mikono ya mbele, yasije yakaziba. Barafu ikiongezeka unene, tundu nalo hurefuka, hata huwa kama kisima kidogo. Sili hupiga mbizi kutafuta chakula, kisha huja kwenye tundu lake kuvuta pumzi. Akikosa tundu, hufa maji kama mtu yeyote, maana hana namna nyingine ya kupata hewa. Jambo hili twaomba mlishike vizuri, kwani tutalirudia tutakapofika kwenye habari za nyavu.

Jike akikaribia kuzaa hupanua tundu moja mahali penye theluji nyingi, akachimba pango juu ya barafu na chini ya theluji. Ni chumba kidogo kisichoonekana kwa nje, na mlango wake ni ule wa majini. Humo huzaa mtoto mmoja, katika mwezi wa Machi au Aprili mara nyingi. Mtoto huwa na uzito wa ratli kumi hivi na manyoya meupe mororo. Hana mafuta ya kutosha bado, kwa hiyo pasipo pango baridi ingemwua. Tena pango humficha machoni pa adui. Nje huzunguka dubu mweupe na mbweha wa Aktiki, nao hunusa theluji na kuivunja ili wamtwae mtoto.

Kwa hiyo uhai wa sili huyu umesimama juu ya mambo mawili: barafu imara na theluji ya kutosha. Theluji ikiwa haba, au ikiyeyuka mapema, dari ya pango huanguka kabla mtoto hajapata nguvu. Na siku hizi, kwa kuwa hewa ya dunia inazidi kupata joto, jambo hilo hutokea mara kwa mara kuliko zamani.

WALIVYOFUNGIWA ZIWANI

Sasa tuje kwenye maziwa. Maelfu ya miaka iliyopita nchi za kaskazini ya Ulaya zilikuwa chini ya mlima wa barafu, unene wake maili nzima na zaidi. Uzito ule uliididimiza ardhi, kama vile godoro linavyobonyea chini ya mtu mnene. Barafu ilipoyeyuka, maji ya bahari yaliingia katika mabonde, na sili wa pete wakaingia pamoja nayo. Lakini ardhi, ikiisha kutuliwa mzigo, ilianza kuinuka pole pole. Mpaka leo pwani ya Ufini inainuka, na mahali pengine huinuka yapata thuluthi ya inchi kila mwaka. Ardhi ilipoinuka, njia za kwenda baharini zilifungwa, na maji yaliyobaki nyuma yakawa maziwa. Mvua na mito ikayaosha chumvi, yakawa maji matamu.

Ndivyo walivyofungiwa sili wa ziwa Saimaa katika Ufini, na wa ziwa Ladoga katika Urusi. Wale wa Saimaa wamekaa humo yapata miaka 9,500. Katika muda huo wamekuwa na rangi nyeusi zaidi kuliko ndugu zao wa baharini, na tabia zao zimebadilika: kwa kuwa ziwa lina visiwa vingi, mapango yao huchimbwa katika malundo ya theluji kandokando ya visiwa.

Mtu atauliza, mnyama wa maji ya chumvi aliwezaje kuishi katika maji matamu? Samaki wengi wa baharini wakitiwa ziwani hufa, maana maji huwapenya kwa matamvua. Sili hana matamvua. Yeye hupumua hewa, na maji mengi ya mwili wake huyapata katika samaki alao. Kwa hiyo, maadamu kuna samaki wa kutosha na hewa ya kuvuta, chumvi ikiwapo au isiwepo, yeye huishi.

Wa ajabu kuliko wote ni sili wa ziwa Baikal, lililo katikati ya Siberia. Kutoka ziwani mpaka baharini, kwa kufuata mito ya Angara na Yenisei, ni zaidi ya maili 2,000. Wataalamu wengi wadhani kwamba wazee wa sili hawa walipanda kwa njia ya mito zamani sana, wakati barafu ilipoziba vinywa vya mito na kuyafanya maji yafurike nyuma yake. Sili wa Baikal hana pete. Manyoya yake ni ya rangi moja, kijivu yenye kung'aa. Hesabu yao ni kama 80,000 au zaidi. Hula samaki mdogo apatikanaye katika ziwa lile peke yake, asiye na magamba, ambaye mwili wake hupenya nuru, naye huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Tena hula vidudu mfano wa kamba wadogo sana: mwaka 2020 wataalamu walieleza kwamba meno yake yana ncha kama za kitana, za kuchujia maji na kuwabakiza vidudu hao.

Jamaa wa nne yuko katika Bahari ya Kaspi, ambayo huitwa bahari, bali kwa kweli ni ziwa kubwa lenye chumvi kidogo, lisilo na njia ya kutokea. Habari zake ni za huzuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 sili wa Kaspi walikuwa zaidi ya milioni moja. Waliwindwa kwa ajili ya mafuta na ngozi, maji yakachafuliwa, na mwaka 2000 maelfu yao walikufa kwa maradhi yale yanayowaua mbwa. Mwaka 2008 walitiwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Na sasa maji ya Kaspi yenyewe yanapungua.

KWA NINI HAWAKUFIKA KWETU

Yako mambo matatu yaliyomzuia sili asifike Nyanza.

La kwanza ni njia. Ziwa letu lina mto mmoja tu utokao kwenda baharini, nao ni Nile, uanzao Jinja. Mto huo husafiri maelfu ya maili, ukipita mabwawa ya majani, na jangwa, na maporomoko mengi. Katika Uganda hujibana kati ya majabali na kuanguka futi 140 hivi, mahali paitwapo Murchison. Mlango ule ni mgumu hata kwa samaki. Sangara aliishi chini ya maporomoko hayo, katika ziwa Albert, kwa muda mrefu asiweze kupanda, mpaka watu walipomleta. Sili, ajikokotaye kwa tumbo, angepandaje?

La pili ni umri. Baikal ina umri wa miaka yapata milioni 25, na kina chake ni futi 5,300 na zaidi. Nyanza, kwa ukubwa wake wote, kina chake hakizidi sana futi 260. Yaani Baikal ni kama Nyanza ishirini zilizowekwa moja juu ya nyingine. Ziwa pana lisilo na kina ni kama sinia: jua likizidi na mvua ikikosekana, hukauka upesi. Wataalamu waliochimba matope ya chini ya ziwa letu wameona dalili kwamba yapata miaka 15,000 mpaka 17,000 iliyopita lilikauka, pakawa mbuga ya majani. Kama sili wangalikuwamo, wangalikufa wote wakati ule.

La tatu ni joto. Sili wa pete na jamaa zake hupenda kuzalia penye barafu au theluji, nasi hatuna. Lakini tusiseme kwamba kila sili huhitaji barafu: katika Bahari ya Mediterania, huko huko uishiapo mto Nile, yuko sili wa namna nyingine ambaye huzaa katika mapango ya mawe. Kwa hiyo joto peke yake lisingetosha kumzuia. Njia na umri ndivyo vilivyofunga mlango.

ZIWA LETU LINA WAFUNGWA WAKE

Lakini mlango uliofungwa huwafungia pia walio ndani. Maji yaliporudi katika ziwa letu, samaki wadogo waliokuwa katika mito na madimbwi waliingia humo. Wakaenea katika kila ghuba na kila jabali, na kwa muda wa miaka 15,000 tu wakawa namna mia tano hivi. Hao ndio furu. Wako furu wakwanguao mimea ya mawe, wako wavunjao konokono, wako walao mayai ya wenzao, wako walao vidudu vya matope. Wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kwa muda, wale sili wa Saimaa wana umri wa miaka 9,500 ziwani; furu wetu si wazee sana kuwapita. Wote ni wageni waliofungiwa, wakageuka kuwa wenyeji.

Nanyi mwajua yaliyowapata furu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alitiwa katika ziwa. Kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuonekana kuwa mwingi. Kisha, katika miaka ya 1980, aliongezeka ghafula katika Ghuba ya Mwanza na pande nyingine, na furu wakatoweka mbele yake. Maji nayo yaliingiwa na uchafu na mbolea kutoka nchi kavu, yakawa na giza, na hewa ya chini ikapungua. Wataalamu wakadiria kwamba namna za furu zipatazo mia mbili zimepotea. Hatusemi kwamba sangara hakuleta faida. Ameleta fedha, viwanda na kazi kwa watu wengi, na katika Mwanza hapana asiyelijua hilo. Twasema tu kwamba samaki wa mtoni hukimbilia mto mwingine, wa baharini hukimbilia bahari. Bali kiumbe wa ziwa moja akiharibiwa ziwa lake hana pa kukimbilia.

FISI MAJI, MVUVI MWENZETU

Sasa ni nani katika Nyanza afanyaye kazi ya sili, yaani mnyama wa damu ya moto apigaye mbizi kutafuta samaki? Ni fisi maji. Jina lake lisitudanganye, kwani hana udugu wa karibu na fisi wa usiku. Yeye ni wa ukoo mmoja na nyegere na kicheche. Katika Tanzania wako wa namna mbili. Mmoja ni mkubwa, naye hupenda zaidi kaa. Wa pili ndiye mwenyeji hasa wa Nyanza: mdogo, urefu wake pamoja na mkia ni futi tatu au kupita kidogo, uzito wake ratli saba mpaka kumi na tatu, mwenye madoa meupe shingoni na kooni.

Hana mafuta mazito kama sili. Blanketi lake ni manyoya yaliyosongamana, nayo yataka kukaushwa, ndiyo sababu mara kwa mara hutoka majini na kujisugua juu ya mawe au majani. Vidole vyake vina ngozi katikati, kama mguu wa bata. Huwinda kwa macho, kwa hiyo hupenda maji maangavu ya kando, penye mawe na matete, na chakula chake kikubwa tangu zamani kilikuwa furu. Furu walipopungua, ilimlazimu kubadili chakula. Habari za mabadiliko hayo ziliandikwa na wataalamu mwaka 1990.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Mwaka 2007, katika kisiwa cha Devon kaskazini ya Kanada, wachimbaji waliona mifupa ya mnyama aliyeishi kando ya ziwa zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2009. Kichwa chake na meno yake yalimwonyesha kuwa jamaa wa kale wa sili. Lakini alikuwa na mkia mrefu, na miguu minne ya kutembelea, na vidole vyake yaelekea vilikuwa na ngozi katikati. Kwa umbo alifanana na fisi maji. Hatusemi kwamba sili amezaliwa na fisi maji; hao ni koo mbili. Bali mtu wa Mwanza akitaka kujua wazee wa sili walikuwaje kabla ya miguu yao kugeuka makasia, na amtazame fisi maji akiteleza kutoka jabalini kuingia majini.

Tena liko jambo jingine linalowafananisha. Pete za sili wa Saimaa hazifanani kwa wawili, na watunzaji humtambua kila mmoja kwa picha ya pete zake. Hali kadhalika madoa ya koo la fisi maji: kila mmoja ana yake, kama sisi tulivyo na alama za vidole.

WAVU HAUCHAGUI

Tulisema kwamba sili akikosa tundu hufa maji. Wavu hufanya kazi ile ile ya barafu iliyoziba. Mnyama apumuaye hewa akinaswa chini ya maji, ana dakika chache tu. Wavu wa nailoni hauonekani majini, haukatiki upesi, wala hauchagui kati ya samaki na mnyama.

Katika ziwa Saimaa jambo hili nusura liwamalize sili wote. Zamani serikali ilitoa tuzo kwa mtu aliyeua sili, kwa kuwa wavuvi walilalamika kwamba huwaibia samaki na kuwapasulia nyavu. Mwaka 1955 alilindwa kwa sheria, bunduki zikanyamaza. Lakini nyavu za nailoni zilikuwa zimekwisha kuenea. Katika miaka ya 1980 walibaki chini ya 200 katika ziwa zima. Wengi waliokufa walikuwa watoto walioachishwa kunyonya karibuni, wasioujua wavu bado.

Basi wenyeji walifanya nini? Hawakuacha kuvua, maana watu wapaswa kula. Walitazama ni wakati gani na mahali gani watoto hufa, wakafanya mapatano. Katika sehemu wakaapo sili, nyavu za kunasia zilikatazwa kuanzia tarehe 15 Aprili mpaka tarehe 30 Juni, wakati watoto wanapojifunza kuogelea. Wenye haki za uvuvi walifanya mikataba na serikali na kupewa malipo. Mitego iliyo na mdomo mpana ilibanwa mdomo, samaki aweze kupita na sili asiweze. Na tangu majira ya baridi ya mwaka 2014, miaka ambayo theluji ni haba, watu wa kujitolea huenda na majembe juu ya ziwa lililoganda, wakakusanya theluji ile kidogo iliyopo na kuifanya malundo, ili majike yapate mahali pa kuchimba mapango. Leo sili wa Saimaa ni kama 500. Si wengi, lakini wameongezeka, na wavuvi wangali wanavua.

Twajua kwamba mvuvi wetu naye ana lalamiko. Fisi maji hula samaki aliyenaswa, na mara nyingine hutoboa wavu, na wavu ni mali. Mtu aliyenunua nyavu zake kwa mkopo hawezi kufurahi akizikuta zimepasuka. Lakini yafaa tupime. Mnyama mwenye uzito wa ratli kumi hawezi kulimaliza ziwa. Wanaolimaliza ni watu watumiao kokoro, ambalo huzoa mpaka mayai na vifaranga, na wale watiao sumu majini. Hayo yote yamekatazwa na sheria za Tanzania, na hudhuru sahani ya mvuvi kabla ya kumdhuru fisi maji.

Tena fisi maji si mfungwa kama sili wa Saimaa; hupatikana katika maziwa na mito mingi ya Afrika. Hata hivyo, mahali akiisha, aghalabu ni kwa sababu maji yamechafuka, matete yamekatwa, na samaki wadogo wamekwisha. Yeye ni kama kengele: ikinyamaza, yafaa mtu aende kutazama. Palipo na fisi maji, ujue pana maji maangavu na samaki wa kutosha. Katika kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, ambako uvuvi umekatazwa kandokando yake, fisi maji wako mpaka leo, na mgeni mwenye subira huweza kuwaona wakicheza kati ya mawe. Samaki wakuao katika maji yale hawana mpaka. Hutoka na kuingia katika maji ya wavuvi.

Si lazima kila ghuba iwe kama Rubondo. Lakini wazee na vikundi vya kutunza ziwa katika kila mwalo waweza kukaa na kupatana juu ya mambo madogo. Kwa mfano: makila yasitegwe karibu sana na majabali yenye mashimo ya fisi maji, matete ya ufukoni yasikatwe yote, pembe moja ya ghuba, ijulikanayo kwa mazalio ya samaki, iachwe ipumzike wakati wa kuzaliana, na atakayekuta fisi maji katika wavu, akiwa hai bado, amwachilie. Mambo haya hayataki fedha nyingi. Yataka mapatano, na mtu mmoja katika mwalo wa kuyaanzisha.

Wasikilizaji wetu, watu wa Ufini walikaribia kumpoteza mnyama asiyepatikana popote pengine duniani, wakashtuka wangali wana wakati. Sisi tumekwisha kupoteza furu wengi, nao hawarudi. Wale waliobaki, pamoja na fisi maji awalaye, wamo katika maji yale yale tuchotayo kwa kunywa na kuvulia kitoweo cha watoto wetu. Nasi pia, kwa namna fulani, tumefungiwa pamoja nao, maana watu wa Mwanza hawana Nyanza ya pili.